Figo Iliyojaa Maji: Kasoro ya Kuzaliwa, Hasara ya Kuchelewa

Katika hospitali za rufaa za Afrika Mashariki hufika, mara kwa mara, mtu mzima mwenye tumbo lililojaa upande mmoja. Huenda ana miaka 28, huenda 45. Kabla ya kufika hapo amekwisha kutibiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara kadhaa, amemeza dawa za vidonda vya tumbo, ameambiwa ni mgongo wa kazi nzito, na kama ni mwanamke pengine amepewa dawa za chango. Anapopitishiwa altrasaundi, kile kilichodhaniwa kuwa bandama au uvimbe wa kizazi kinaonekana kuwa figo iliyogeuka mfuko wa mkojo, imebakiwa na ganda jembamba tu la nyama inayochuja damu. Chanzo cha yote ni kipande cha njia ya mkojo, sentimita moja au mbili, ambacho hakikuumbika vizuri alipokuwa tumboni mwa mama yake.

Madaktari huiita hali hii haidronefrosisi. Mwaka 1939 daktari Stirling alipendekeza kipimo ambacho bado kinatumika: kwa mtu mzima, figo iliyobeba zaidi ya lita 1 ya mkojo uliokwama ihesabiwe kuwa imevimba kupita kiasi. Miaka ya 1970 wataalamu wa picha waliongeza alama zao: figo iliyojaza nusu ya tumbo, iliyogusa au kuvuka mstari wa kati wa mwili, na iliyorefuka kufikia pingili tano za uti wa mgongo. Wapo wagonjwa waliokutwa na lita 10 na zaidi.

Hoja ya uchambuzi huu ni moja. Kasoro ya njia ya mkojo hutokea kabla mtu hajazaliwa, na hakuna wa kulaumiwa kwayo. Kuipoteza figo ni jambo jingine: huchukua miaka, na katika miaka hiyo mgonjwa hupita mbele ya wahudumu wa afya mara nyingi bila swali sahihi kuulizwa. Ili kuona swali hilo ni lipi, tuanze na safari ya mkojo wenyewe.

Mkojo husukumwa, hauteremki

Figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku. Karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachobaki, lita moja na nusu hivi, ndicho mkojo. Hutoka kwenye vikombe vidogo vilivyomo ndani ya figo, huingia katika chumba cha kukusanyia tunachoweza kukiita beseni la figo, ambalo kwa kawaida hubeba mililita 5 hadi 10 tu, kisha huingia ureta. Ureta ni mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30 na uwazi wa milimita 3 au 4, unaotoka figoni hadi kwenye kibofu. Mkojo haupiti humo kwa uzito wake. Mawimbi ya misuli huanzia kwenye beseni na kuusukuma tone kwa tone, ndiyo maana kibofu hujaa hata mtu akiwa amelala chali usiku kucha.

Basi ili mkojo ukwame si lazima njia izibwe kabisa. Inatosha kipande kimoja cha ureta kikose misuli yenye mpangilio, kikawa na nyuzi ngumu mahali pa misuli. Wimbi likifika hapo linakufa. Mkojo unaendelea kupita, lakini kwa kuchuruzika, na kila siku kinachoingia beseni kinazidi kidogo kinachotoka.

Kinachofuata ni cha hatari kwa sababu hakina kelele. Mwanzoni shinikizo ndani ya beseni hupanda na mtu anaweza kuumwa. Figo hujibu kwa kubana mishipa yake ya damu, na kiasi cha damu kinachochujwa hupungua. Wakati huohuo beseni hutanuka. Mkojo unaotengenezwa umepungua, nafasi ya kuuweka imeongezeka, hivyo shinikizo hushuka tena na maumivu hupoa. Mgonjwa anadhani amepona. Ndani, homoni zilizochochewa na ule mkwamo zinaendelea kukausha nyama ya figo na kuacha makovu.

Makovu hayo hayafutiki. Kila figo huwa na vichujio vidogo, nefroni, vinavyokaribia milioni moja, na vyote huwa vimeumbwa kufikia takriban wiki ya 36 ya mimba. Baada ya hapo mwili hautengenezi hata kimoja kipya. Upasuaji wa baadaye huokoa nefroni zilizobaki, zilizokufa hazifufuki.

Mahali kasoro zinapokaa

Kasoro inayoongoza ni ile ya maungio ya beseni na ureta. Inakadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 1,000 hadi 1,500 wanaozaliwa, upande wa kushoto zaidi kuliko wa kulia. Kwa wengi tatizo ni kile kipande kisicho na misuli imara. Kwa wengine, hasa wanaogundulika wakiwa wakubwa, mshipa wa damu unaokwenda sehemu ya chini ya figo umepita mbele ya maungio hayo, na ureta hujikunja juu yake kama mpira wa kumwagilia bustani uliotundikwa kwenye kamba. Mtu akiwa na kiasi cha kawaida cha mkojo, unapita. Akinywa maji mengi au bia nyingi kwa mkupuo, beseni linajaa ghafla, mkunjo unakaza, na ubavu unamuuma. Mgonjwa anayesema ubavu humshika kila anapokunywa sana ametoa dalili ya thamani kubwa, na inasikitisha kwamba mara nyingi huambiwa tu aache kunywa.

Kasoro ya pili ni ya upande wa chini, pale ureta inapoingia kibofuni. Kipande cha mwisho kikikosa nguvu ya kusukuma, ureta yote hutanuka na figo hufuata. Pengine mlango wa ureta kwenye kibofu ni mwembamba mno, na mwisho wake huvimba ndani ya kibofu kama kifuko. Pengine mlango huo haufungi sawasawa, na kila mtu anapokojoa sehemu ya mkojo hurudi juu figoni ikiwa imebeba vijidudu.

Kuna figo zenye ureta mbili upande mmoja, hali inayopatikana kwa takriban mtu mmoja kati ya 100. Wengi huishi nayo bila kujua. Kwa baadhi yao, ureta ya sehemu ya juu ya figo huteremka na kufunguka mahali pasipo pake, na sehemu hiyo ya figo ikavimba. Kwa mwanamke ureta hiyo inaweza kufunguka chini ya msuli unaozuia mkojo, hata ukeni. Huyu huenda haja ndogo kama wengine, na bado nguo zake huwa na unyevu saa zote, tangu utotoni. Katika nchi ambazo fistula ya uzazi inajulikana sana, mwanamke anayevuja mkojo huweza kudhaniwa kuwa na fistula. Tofauti iko katika historia: fistula ya uzazi huanza baada ya uchungu wa muda mrefu wa kujifungua, na huyu alikuwa akivuja kabla hajavunja ungo. Swali moja tu, "Ulianza lini?", linaweza kumwondolea msichana aibu ya miaka na kumpeleka kwenye upasuaji unaomfaa.

Zipo pia kasoro za mahali figo zinapokaa. Figo huanza kuumbika chini, ndani ya nyonga, kisha hupanda hadi mbavuni kati ya wiki ya 6 na ya 9 ya mimba. Zikigusana njiani zinaweza kuungana ncha za chini na kukwama katikati ya tumbo. Hali hii humpata takriban mtu mmoja kati ya 400 hadi 500. Ureta zake hulazimika kupanda juu ya daraja linaloziunganisha kabla ya kushuka, na hapo mkojo hukwama na mawe hujengeka. Mara chache zaidi, karibu mtu mmoja kati ya 1,000, ureta ya kulia huzunguka nyuma ya mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni kutoka sehemu ya chini ya mwili, ukaibana. Hapo ureta haina kosa. Mshipa ndio ulioumbika vibaya. Wenye hali hiyo huanza kuumwa wakiwa na miaka 30 au 40 hivi.

Mwisho ni vali zinazoota katika njia ya mkojo ya mtoto wa kiume, ambazo Hugh Hampton Young wa Baltimore aliziainisha mwaka 1919. Hizi huziba chini kabisa, hivyo huumiza kibofu na figo zote mbili. Wengi hugunduliwa utotoni. Mwanamume anayefika utu uzima nazo huwa na historia ndefu ya mkojo wenye kasi ndogo, na kwake hatari ni kubwa kuliko kwa wengine, kwa kuwa hana figo ya akiba.

Kwa nini miaka thelathini ipite

Sababu ya kwanza ya kuchelewa ni wema wa figo ya pili. Figo nzima moja inaweza kukua na kubeba kazi ya mbili. Kreatinini, kipimo cha damu kinachotegemewa kila mahali, hubaki katika kiwango cha kawaida hadi karibu nusu ya uwezo wote wa kuchuja uwe umepotea. Mtu anaweza kuwa na figo moja iliyokufa kabisa na akakabidhiwa majibu yanayosema figo zake ziko sawa. Majibu hayo si ya uongo, lakini yamejibu swali jingine. Kreatinini hueleza jumla ya kazi ya figo zote. Haielezi hali ya kila moja.

Sababu ya pili ni kwamba maumivu huja na kuondoka. Mwaka 1864 Józef Dietl, daktari wa Kraków ambaye baadaye alikuwa meya wa mji huo, alieleza wagonjwa wanaoshikwa ghafla na maumivu makali ya ubavu, kichefuchefu na kutapika, kisha wakapoa. Yeye aliyahusisha na figo inayohamahama. Leo tunajua kwamba mashambulizi ya namna hiyo mara nyingi ni beseni lililojaa ghafla. Mgonjwa anayefika zahanati siku ya tatu, maumivu yamekwisha na mkojo umepita, huonekana hana kitu. Na kwa kuwa hutapika, dawa anayopewa ni ya tumbo.

Sababu ya tatu ni UTI. Mkojo uliotuama huota vijidudu, na antibayotiki huvipunguza, kwa hiyo mgonjwa hupata nafuu kila mara na kila mara hurudi. Neno "UTI sugu" limezoeleka kiasi kwamba linachukuliwa kuwa jina la ugonjwa wenyewe, wakati linapaswa kuwa mwanzo wa uchunguzi. Maambukizi yanayorudi upande uleule wa ubavu, kwa homa na kutetemeka, yana mahali yanapotoka.

Kadiri muda unavyokwenda, ule mfuko huzaa matatizo mengine. Mawe hujengeka ndani yake. Shinikizo la damu hupanda, kwa sababu figo iliyobanwa hutoa renini nyingi, na kijana wa miaka 26 anaanzishiwa dawa za presha za maisha bila figo zake kutazamwa. Figo iliyotanuka hukosa kinga ya mbavu, hivyo kuanguka kidogo au kugongwa mpirani huweza kuipasua na kumtoa mtu mkojo wa damu. Lililo baya zaidi ni mkojo uliokwama kugeuka usaha. Hapo dawa peke yake hazitoshi, maana hazifiki ndani ya mfuko uliofungwa. Usaha usipotolewa haraka mgonjwa hufa kwa sumu ya maambukizi kwenye damu.

Uvimbe unaojificha nyuma ya magonjwa yetu

Katika ukanda wetu kuna magonjwa mengi yanayojaza tumbo, na figo hii hufichwa na sifa zao. Upande wa kushoto itadhaniwa bandama iliyovimba kwa malaria ya mara kwa mara. Kwa mwanamke itadhaniwa uvimbe wa ovari. Ikiwa kubwa mno itadhaniwa maji ya tumbo, na mgonjwa atachomwa sindano ili yatolewe. Kinachotoka ni mkojo, na sindano hiyo imefungulia vijidudu mlango wa figo. Turkana, na katika jamii nyingine za wafugaji wanaoishi karibu na mbwa, uvimbe wenye maji unaweza kuwa wa minyoo ya mbwa, na kuuchoma ovyo huweza kusambaza mbegu zake tumboni na kumtia mgonjwa katika mshtuko wa ghafla. Kanuni inayotoka hapa ni fupi: tumbo lisichomwe kabla halijapigwa picha.

Halafu kuna upande wa pili wa kosa, yaani kuiona figo iliyojaa maji na kuamini papo hapo kwamba ni ya kuzaliwa. Unguja, Pemba, mwambao wa Tanzania na Kenya, na sehemu nyingi za bara, kichocho cha mkojo kinajulikana vizazi na vizazi. Mayai yake hukaza kuta za kibofu na sehemu ya chini ya ureta, na figo huvimba pia, mara nyingi pande zote mbili. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi Afrika Mashariki, huziba ureta zikipita jirani na kizazi. Tezi dume, mawe na kifua kikuu cha njia ya mkojo hufanya vivyo hivyo. Hata mimba ya kawaida hutanua figo kidogo, hasa ya kulia, na hali hiyo huisha yenyewe wiki chache baada ya kujifungua.

Picha husaidia kutenganisha. Beseni likiwa limetanuka sana na ureta chini yake ni nyembamba kama kawaida, kizuizi kipo kwenye maungio ya juu, na kasoro ya kuzaliwa huja mbele katika orodha. Ureta ikiwa pana hadi chini, jicho liende kibofuni na mahali ureta inapoingilia, na maswali ya kichocho, uzazi na saratani yaulizwe kwa makini. Mtu mzima mwenye figo iliyovimba hapaswi kuandikiwa "ya kuzaliwa" mpaka hayo yametafutwa na kukosekana.

Ukubwa si hukumu

Altrasaundi ndiyo mlango wa kuanzia. Haina mionzi, bei yake ni nafuu ikilinganishwa na vipimo vingine vya picha, na vituo vya afya vingi vinayo sasa. Inaonyesha mifuko ya maji inayowasiliana, na unene wa nyama ya figo iliyobaki. CT yenye dawa ya kung'arisha huonyesha zaidi: mahali hasa pa kizuizi, mshipa unaokatiza, mawe, figo iliyoungana na mwenzake. Kwa mgonjwa ambaye kreatinini yake imepanda dawa hiyo hutumiwa kwa tahadhari.

Hata hivyo picha hueleza umbo, na uamuzi mkubwa unategemea kazi. Figo hii inachangia asilimia ngapi ya uchujaji wote? Kipimo kinachojibu ni cha nyuklia: mgonjwa huchomwa kiasi kidogo cha dawa yenye mionzi inayochukuliwa na figo, kamera ikafuatilia kila figo inavyoipokea, kisha hupewa furosemaidi ili mkojo uongezeke na kasi ya kumwaga ionekane. Nusu ya dawa ikitoka ndani ya dakika 10, njia iko wazi. Ikizidi dakika 20, kuna mkwamo. Kwa mifuko mikubwa namba hizi husomwa kwa uangalifu, kwa sababu beseni la lita mbili litachelewa kumwaga kwa ukubwa wake tu.

Huduma ya namna hiyo iko katika miji michache. Dar es Salaam, kwa mfano, Taasisi ya Saratani Ocean Road ina kitengo cha tiba ya nyuklia. Kwa mgonjwa wa Kigoma au Lodwar, safari, malazi na siku za kazi zinazopotea huweza kuzidi gharama ya kipimo chenyewe. Hapa ndipo hujitokeza kishawishi cha kuamua kwa macho: mfuko ni mkubwa, nyama ni nyembamba, tuiondoe. Kishawishi hicho kipingwe. Nyama nyembamba iliyotandazwa juu ya mfuko mkubwa inaweza kuwa nyingi kwa jumla, na figo inayoonekana kuisha hushangaza ikishapunguziwa shinikizo. Pasipo kipimo cha nyuklia, njia ipo: bomba dogo hupitishwa mgongoni hadi ndani ya beseni, mkojo hutolewa kwa wiki kadhaa, na kiasi kinachotoka kila siku pamoja na ubora wake hupimwa. Figo inayotengeneza mkojo wa kutosha, wenye taka za mwili ndani yake, imejieleza yenyewe.

Kutengeneza au kuondoa

Mwaka 1869, mjini Heidelberg, Gustav Simon aliondoa figo ya mgonjwa kwa kupanga, na mgonjwa akaishi. Siku hiyo ilithibitika kwamba binadamu anaweza kuendelea na maisha kwa figo moja. Mwaka 1949, J. C. Anderson na Wilfred Hynes wa Sheffield walichapisha upasuaji ambao mpaka leo ndio kipimo cha mwingine wowote: kata kipande kibovu cha maungio, punguza beseni lililolegea, kisha shona ureta upya kwenye sehemu ya chini ya beseni kwa mdomo mpana unaoteremka vizuri. Penye mshipa unaokatiza, ureta huhamishiwa mbele yake. Stenti laini huachwa ndani kwa wiki 4 hadi 6 wakati jeraha linapona. Tangu 1993 upasuaji huo hufanywa pia kwa matundu madogo na kamera, lakini unaofanywa kwa mkato wa kawaida, na mkono uliofundishwa, hufaulu kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo hospitali isiyo na vifaa hivyo bado inaweza kuokoa figo.

Mpaka kati ya kutengeneza na kuondoa huwekwa kwa kazi iliyobaki. Figo inayochangia chini ya asilimia 10 hadi 15, na ambayo kazi yake haikuongezeka baada ya kutolewa mkojo, kwa kawaida huondolewa ikiwa inaumiza, ina usaha au inapandisha presha, na mwenzake ni mzima. Wataalamu hawajakubaliana juu ya namba moja, na ni sawa wasikubaliane, kwa maana mgonjwa wa miaka 22 ana miaka mingi ya kuihitaji akiba ile kuliko wa miaka 70. Mwenye figo moja tu, au mwenye kasoro pande zote mbili, hana swali la kuondoa: kila nefroni hutetewa. Huyo pia hufuatiliwa kwa karibu siku za mwanzo baada ya kufunguliwa njia, kwa kuwa figo zilizobanwa muda mrefu huweza kumwaga mkojo mwingi mno na kumkausha chumvi na maji.

Aliyeondolewa figo aambiwe kwa uwazi kwamba maisha hayajaisha. Wanaojitolea figo kwa ndugu zao huishi kwa moja. Kinachotakiwa ni kupima presha na mkojo kila mwaka, kuepuka matumizi ya kiholela ya diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo, kujihadhari na dawa za miti shamba zisizojulikana, na kumwambia kila daktari atakayemhudumia. Aliyetengenezwa naye arudi kupimwa, kwa sababu mdomo ulioshonwa huweza kukaza tena bila maumivu, kama mara ya kwanza.

Mahali patatu tunapompoteza

Swali linarudi kwenye muda. Mgonjwa huyu alipita mbele yetu mara ngapi?

Alipita kwanza akiwa bado hajazaliwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apigwe altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kutanuka kwa figo za mtoto huonekana katika takriban mimba moja hadi mbili kati ya 100, na nyingi ya hizo hupona zenyewe bila matibabu. Ndiyo maana kuona tu hakutoshi. Inapasa iandikwe kwenye kadi ya kliniki, mama aelezwe bila kutishwa, na mtoto apimwe tena baada ya saa 48 za kwanza, kwa kuwa mtoto mchanga huwa na mkojo mchache na figo yake huweza kuonekana nzuri kuliko ilivyo. Katika kliniki zetu altrasaundi ya mimba hutazama umri wa mtoto, mkao wake na kondo la nyuma. Kuongeza dakika mbili za kutazama figo mbili na kibofu hakuhitaji mashine mpya; kunahitaji mafunzo na nafasi ya kuandika kwenye fomu.

Alipita mara ya pili kwenye dirisha la UTI. Mtu mzima yeyote mwenye maambukizi ya mkojo yanayojirudia pamoja na homa au maumivu ya ubavu, mtoto yeyote mwenye UTI ya homa, na mwanamume yeyote kijana mwenye UTI, anastahili altrasaundi ya figo, si kuandikiwa tu antibayotiki nyingine. Bei yake hukaribia au kupungukia gharama ya mizunguko miwili mitatu ya dawa zisizomaliza tatizo.

Alipita mara ya tatu kwenye kliniki ya presha. Kijana mwenye shinikizo la damu la juu atazamwe figo zake. Kanuni hii imo katika mafunzo ya kila daktari. Inakwama kwenye foleni ndefu, mashine iliyoharibika, na bima isiyolipia kipimo bila safari ya rufaa.

Nchi zetu zimepiga hatua kubwa upande wa mwisho wa ugonjwa wa figo. Vituo vya kusafisha damu vimeongezeka. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, kinafundisha mabingwa wa upasuaji wa mfumo wa mkojo wanaobaki kufanya kazi katika ukanda huu. Hizo ni fahari za kweli. Upande wa mwanzo, wa gharama ndogo, haujapata juhudi kama hiyo, na ni huko ambako mtu mwenye maungio mabovu anaweza kuokolewa kwa upasuaji mmoja badala ya kusafishwa damu mara tatu kwa wiki.

Kwa hiyo wito ni kwa pande mbili. Wizara na mifuko ya bima wahesabu altrasaundi ya figo kuwa kipimo cha msingi katika ngazi ya kituo cha afya, ilipwe hapohapo, na majibu yake yamfuate mgonjwa anapopewa rufaa. Nawe msomaji, kama ubavu wako mmoja hukushika kila unapokunywa sana, kama UTI imekurudia zaidi ya mara mbili kwa mwaka, kama mtoto wako wa kike hajawahi kukauka mchana wala usiku, usiridhike na dawa ya tatu. Omba figo zako, au za mtoto, zipigwe picha. Na kama jibu litasema figo imejaa maji, uliza swali linalofuata kabla hujakubali lolote: figo hii bado inafanya kazi kiasi gani?